Mkono ukivimba usiku, tusikimbilie kumtaja jirani

Maneno ya kamati ya afya kwenye mkutano wa wanachama wote. Tunayachapisha kwa ajili ya wale waliokuwa shambani ao ziwani siku ile.



Leo kamati ya afya haikuja kuomba mchango. Tumekuja kusema juu ya kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoungana na mkono. Mutatuuliza: malaria iko, kipindupindu kiko, kwa nini tukae saa nzima juu ya kifundo? Sababu ya kwanza munaijua. Sisi wote tunakula kwa mikono yetu. Jembe, kasia, wavu, mwiko wa mwashi, cherehani, mchi wa kutwanga sombe, vyote vinahitaji kifundo chenye nguvu. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Katika chama chetu hiki, kifundo kimoja kilichovimba kilikaribia kuvunja amani ya mtaa mzima.

Wengi wenu munaijua habari ile, kwa hiyo hatutataja majina. Mwenzetu mmoja, mwashi, mtu wa miaka zaidi ya hamsini, alialikwa kwenye karamu ya kuondoa matanga kwa jirani. Jirani huyo ni mtu ambaye walikuwa na maneno naye juu ya kipande cha shamba tangu tuliporudi. Pale walikula mbuzi, ndagala, na pombe ilikuwa nyingi. Usiku, karibu saa tisa, mwenzetu akaamka na maumivu kwenye kifundo cha mkono wa kuume. Asubuhi mkono ulikuwa umevimba, mwekundu, wa moto, hata shuka likigusa analia. Familia ikasema: amelishwa sumu. Wengine wakasema: ni mtego, ametegewa mkono ule anaojengea. Wakaita mtu wa kuchanja. Akachanjwa kwa wembe, akapakwa dawa nyeusi, mbuzi mmoja akauzwa. Na jirani akaitwa mlozi mbele ya watu.

Siku ya tano wakamfikisha kituo cha afya. Infirmye akamtazama, akamuuliza jambo moja tu ambalo hakuna aliyeliuliza: "Baba, dole gumba la mguu halijawahi kukuwaka hivi?" Mzee akajibu kwamba ndiyo, mara mbili, wakati tungali kambini, akadhani amejikwaa kwenye jiwe. Na hapo ugonjwa ukapata jina.

Jina ni jongo. Kwenye karatasi ya hospitali mutaona neno la Kifaransa, goutte. Kifundo kilitulia kwa dawa ya siku chache. Majeraha ya wembe yalioza, yakachukua wiki tatu. Na maneno yaliyosemwa juu ya jirani, wazee walilazimika kukaa vikao viwili ili kuyaondoa.

Jongo ni nini

Ndani ya damu ya kila mtu kuna taka inayoitwa asidi ya uriki. Inatoka kwenye mwili wenyewe, chembe zake zinapochakaa, na nyingine inatoka kwenye chakula. Figo ndizo zinazoitoa, karibu theluthi mbili kwa njia ya mkojo, na sehemu inayobaki inatoka kwa njia ya matumbo. Kama inatengenezwa nyingi, ao figo haziitoi vizuri, inajaa. Ikipita kiasi cha miligramu 68 katika lita moja ya damu, inaanza kuganda ndani ya viungo kama chumvi inavyoganda pembeni ya sufuria. Laboratwari nyingine zinaandika kwa desilita, basi mutasoma 6,8. Ni kitu kilekile.

Chembe hizo ni kama sindano ndogo sana. Zinaweza kulala ndani ya kiungo miaka bila neno. Siku moja askari wa mwili wanaziona, wanazishambulia, na vita hiyo ndiyo moto munaouona. Kwa hiyo kiungo hakijavunjika, na hakuna mtu aliyekitupia kitu.

Sasa muangalie vizuri jambo hili. Vitu vinavyoamsha jongo mara nyingi ni nyama nyingi, pombe nyingi, na kukosa maji. Ni lini sisi tunapata nyama nyingi na pombe nyingi siku moja? Ni kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye sikukuu. Maana yake ni kwenye nyumba ya mtu mwingine. Mtu anakula kwa jirani jioni, usiku anaamka na mkono wa moto. Ugonjwa huu unafanana kabisa na sumu ya karamu, na ndiyo sababu unaleta ugomvi. Aliyepika hana kosa. Wageni wote walikula sufuria moja, lakini mmoja tu alikuwa na chembe zile ndani ya kiungo.

Namna ya kuujua

Jongo linapenda kuanza mguuni, hasa kwenye dole gumba. Baadaye, kama halikutunzwa, linapanda: kifundo cha mguu, goti, kifundo cha mkono, kiwiko, vidole. Linaweza pia kuanza kwenye mkono moja kwa moja, lakini si kawaida. Ndiyo maana ulizo la yule infirmye lilikuwa la akili. Mtu wenu akivimba mkono, mumuulize habari za mguu wake miaka iliyopita.

Dalili nyingine ni hizi. Maumivu yanakuja haraka, mara nyingi usiku, na ndani ya siku moja yanafika kilele. Kiungo ni kimoja, ao viwili. Ngozi ni nyekundu, na kwa mtu mweusi sana inaonekana kung'aa na kuwa nyeusi zaidi. Ukiweka mgongo wa kiganja chako juu yake unasikia moto. Hata bila dawa, maumivu yanaisha yenyewe baada ya siku saba hadi kumi na nne. Na hapo ndipo watu wanapodanganyika: dawa yoyote iliyotolewa siku ya kumi itasifiwa kwamba ndiyo iliyoponyesha.

Wanaopata zaidi ni wanaume kuanzia miaka ya arobaini. Wanawake wanapata hasa baada ya kukoma kwenda mwezini. Wengine ni wenye ugonjwa wa figo, wenye tansyo, wenye uzito mkubwa, na wale ambao baba ao mama alikuwa nao. Kuna pia dawa zinazopandisha asidi hiyo: kompirime za tansyo zinazokojolesha, kama idroklorotiazidi na furosemidi, na pirazinamidi, ambayo iko ndani ya dawa za kifua kikuu. Musikie vizuri: hatusemi mtu aache dawa ya tansyo, na dawa ya kifua kikuu usiiache hata siku moja. Tunasema umwambie infirmye unameza nini.

Wakati wa kutongoja hata usiku mmoja

Si kila kifundo cha moto ni jongo. Kuna moja ambalo ni la kuogopa kweli: usaha ndani ya kiungo. Huo unafanana na jongo kwa macho, lakini ni vijidudu, na unaweza kuharibu kiungo kwa siku chache, hata kuua mtu. Kwa hiyo kama kuna homa kali na kutetemeka, kama kuna kidonda ao mchanjo karibu ya hapo, kama ni mtoto, kama ni mtu mwenye kisukari ao kinga dhaifu, tafuteni motari saa ileile. Kijana mwenye mkono uliovimba na usaha wakati wa kukojoa, asione haya kusema, kwa sababu kisonono nacho kinaweza kuingia kwenye kifundo.

Mengine hayana haraka ya namna hiyo, lakini ni vizuri kuyatofautisha. Vifundo vyote viwili vikivimba pamoja kwa wiki nyingi, na asubuhi mikono ikikakamaa zaidi ya saa nzima, hiyo ni baridi yabisi, na ina dawa zake. Vidole vikifa ganzi usiku bila moto wala uvimbe mkubwa, ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo. Aliyeanguka akiegemea kiganja, na maumivu yako upande wa kidole gumba, apigwe picha, kwa maana mfupa mdogo wa pale unavunjika bila kuonekana. Na kwa wazee kuna ndugu wa jongo, chembe za namna nyingine zenye kalsiamu, ambazo zinapenda goti na kifundo cha mkono. Moto wake unatulizwa karibu kwa dawa zilezile.

Uhakika kamili unapatikana kwa kutoa maji kidogo ya kiungo kwa sindano na kuyatazama kwa darubini. Ni hospitali chache zinazoweza. Lakini daktari anaweza pia kujua kwa kuuliza vizuri na kupima damu. Hapa kuna mtego mmoja: siku ya maumivu, asidi ndani ya damu inaweza kuonekana ya kawaida. Karatasi ikisema ni kawaida, musitupe wazo la jongo. Mupime tena wiki mbili ao zaidi baada ya maumivu kuisha.

Dawa ya siku za moto

Neno la kwanza ni kupumzisha mkono. Uufunge juu ya kipande cha mbao laini ao katoni ngumu, bila kukaza, siku moja ao mbili, na uuinue juu ya mto. Weka kitambaa chenye maji baridi, ao barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, dakika kama ishirini, mara kadhaa kwa siku. Usikande. Usivute. Usiweke maji ya moto wala majani yanayochoma. Mtu anayekanda kiungo cha jongo anaongeza moto. Na wembe tumeshauona kazi yake.

Neno la pili ni dawa ya kutuliza, na inasaidia zaidi ikianzwa siku ya kwanza. Ziko aina tatu.

Ya kwanza ni kama ibuprofeni. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, infirmye anaweza kuandika miligramu 400 mara tatu kwa siku, baada ya kula, kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo mbaya, mwenye moyo ao tansyo isiyotulia, na mama mjamzito, hiyo si yake. Asiinunue sokoni kwa sababu tu rafiki alipona nayo.

Ya pili ni kolchisini. Ni dawa nzuri na ya zamani sana, inayotoka kwenye mmea, lakini inaweza kuwa sumu ya kweli. Zamani watu walimeza kidonge baada ya kidonge mpaka waharishe. Siku hizi waganga wameacha mtindo huo, kwa sababu kiasi kidogo kinatuliza sawasawa na hakiumizi. Meza ile iliyoandikwa, usiongeze. Ukiwa na figo ao ini mbaya, ao unameza dawa za virusi, useme kabla ya kuipewa, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zinaifanya kolchisini kuwa kali.

Ya tatu ni predinisoloni, kwa siku tano hivi, kwa wale ambao mbili za kwanza haziwafai. Inapandisha sukari, basi mwenye kisukari aseme. Na haitolewi kabla ya kuhakikisha hakuna usaha, kwa kuwa inaficha homa huku vijidudu vinakula kiungo. Ndiyo sababu tunapinga shindano zinazopigwa sokoni na unga usio na jina unaouzwa kwenye karatasi. Mara nyingine ndani yake kuna dawa ya namna hii. Mtu anapona siku mbili, anasifu, baada ya miezi uso umevimba na sukari iko juu.

Dawa ya miaka

Moto ukizimika, chembe bado ziko ndani. Mtu aliyeshikwa mara moja tu anaweza kungoja na kujichunga. Lakini anayeshikwa mara mbili ao zaidi kwa mwaka, ao mwenye vinundu vigumu kama chaki kwenye vidole, kiwiko ao sikio, ao ambaye viungo vimeanza kuharibika, huyo anahitaji dawa ya kushusha asidi yenyewe. Inayojulikana zaidi ni alopurinoli.

Wengi wanaianza na kuiacha, kwa sababu hawakuelezwa mambo matatu. Moja, inaanzwa kidogo, miligramu 100 kwa siku ao chini yake, na daktari anaipandisha polepole mpaka damu ifike chini ya miligramu 60 kwa lita. Mbili, miezi ya kwanza inaweza kuamsha jongo, kwa kuwa chembe zinaanza kuyeyuka. Hiyo si alama kwamba dawa ni mbaya, na ndiyo maana mara nyingi unapewa kolchisini kidogo pamoja nayo. Tatu, ni dawa ya kumeza kila siku, miaka mingi, hata kama hausikii kitu. Ukishikwa na moto ukiwa tayari unaimeza, usiiache. Lakini vipele vikitoka mwilini, ao midomo na macho yakianza kuchubuka, acha siku ileile na ukimbie hospitali.

Sahani na kikombe

Mama mmoja alituuliza kama itabidi aache kila kitu. Hapana, mama. Bugali haina kosa. Sombe haina kosa. Maharagi nayo watu wanayasingizia bure, wakati hayaleti jongo kama nyama inavyoleta. Sisi tuliokula unga na maharagi ya mgao miaka mingi kule kambini, tusianze kuyaogopa sasa.

Vya kupunguza ni maini, figo na matumbo ya mnyama, nyama nyekundu nyingi kwa mara moja, na ndagala kwa sahani iliyojaa. Hatusemi mtu wa ziwa aache ndagala. Ale kidogo, na siku za moto apumzike nazo. Pombe ndiyo adui mkubwa, bia kuliko zote, na lotoko haisameheki. Sukre za chupa nazo zinapandisha asidi, basi anayekimbia bia asikimbilie huko. Maziwa ni mazuri. Maji ni mazuri kuliko vyote: anayelima toka asubuhi mpaka jua la saa nane bila kunywa, damu yake inakauka. Na ninyi munaofunga siku tatu kwa maombi, mwenye jongo aongee kwanza na mchungaji na daktari, kwa sababu njaa kali nayo inaliamsha.

Lakini tusidanganyane. Chakula kinashusha asidi kidogo tu. Aliye na jongo la miaka haliponi kwa kuacha mbuzi peke yake, na tusimlaumu kwamba ni mlafi. Wengine wamezaliwa na figo zisizotoa asidi vizuri, na hawajawahi kugusa chupa.

Tunachoomba mkutano ukubali

Kwanza, mwanachama akivimba kiungo bila kuanguka, mfuko wetu umkopeshe franga za motari na za kupimwa siku hiyohiyo, bila kungoja kikao. Mbuzi aliyeuzwa kwa ajili ya wembe angelipa kupimwa na dawa, na franga zingebaki.

Pili, mfuko usilipe mchanjo wala kupiga ramli kwa ajili ya kiungo kilichovimba. Anayetaka ni shauri lake, lakini si kwa akiba ya wajane na yatima.

Tatu, na hili ndilo tunaloliomba kwa sauti kubwa: mtu yeyote wa chama chetu asitaje jina la jirani kabla ya kituo cha afya kusema neno. Tumerudi kwenye mashamba ambayo wengine walibaki wakiyalinda, ao wakiyalima. Maneno juu ya mipaka bado yako, na yatachukua muda kuisha. Tukiongeza juu yake maneno ya sumu, hata watoto wetu hawatakaa pamoja. Kiungo kinaweza kupona kwa siku kumi. Jina la mlozi likishabandikwa juu ya mtu, hakuna kidonge cha kuliondoa.

Wale ambao dole gumba la mguu liliwahi kuwaka usiku, na ambao leo wamekumbuka, waje watuone baada ya mkutano. Tutawaandika, na wiki ijayo twende pamoja kupima.

 Mungu atulindie mikono.